Anatafutwa Maskini Mmoja

Marlee Stidham alitupa jicho kulia, akatupa jicho kushoto, akachomeka kipande cha mkate wa mahindi ndani ya soksi.

Mwalimu Verna Sizemore alimwona kutoka upande wa pili wa kantini, akafurahi. Mtoto aliyeshiba nyumbani angeficha mkate wa nini?

Ilikuwa furaha ya aibu, lakini angefanyaje? Shule ya Caney Fork, huku milimani Kentucky, ilipewa pesa za mwalimu wa kusoma kulingana na hesabu ya watoto wanaokula chakula cha mchana bure. Maskini wakitosha, pesa zinakuja. Wasipotosha, mwalimu anafungasha. Mwaka huu alipungua mtoto mmoja, hesabu inafungwa Ijumaa, na mwalimu mwenyewe ndiye Verna. Mumewe alikuwa kitandani, mapafu yameliwa na vumbi la makaa. Yeye, mume na binti yao Josie walikula mshahara huo huo mmoja.

"Coy Stidham anaficha kitu," alimwambia mkuu wa shule, Bwana Hoskins. "Gari jipya, buti zinang'aa, halafu mtoto anaiba mkate? Ana njaa yule. Baba yake anaona haya kujaza fomu ya chakula cha bure."

"Watu wa huku wanaona haya hata kuomba maji. Nenda taratibu."

Verna hakwenda taratibu. Jumatano jioni alikuwa mlangoni kwa Coy, akichungulia jikoni kupitia begani kwa mwenye nyumba.

"Umekuja kuhesabu sufuria zangu, Mwalimu?"

"Kama mambo yamekaza, Bwana Stidham, kusaini si dhambi."

Coy akacheka, akampeleka hadi kwenye friji, akaifungua. Nyama ya kulungu ilikuwa imejaa mpaka mlango haufungi vizuri.

"Haya, kodoa macho. Umeona njaa humo?"

"Na mkate wa kwenye soksi je?"

"Marlee!" Coy aliita. "Hebu mwonyeshe mwalimu mwizi mwenzako!"

Chini ya ngazi za nyuma kulikuwa na kijibwa kinene, kimelala chali, makombo puani. Verna aliomba radhi huku uso unamwaka, akaondoka.

Alhamisi Hoskins alimwita ofisini, akamwachisha kazi bila kumtazama usoni. "Angepatikana mmoja tu, Verna. Mmoja!"

Kesho yake asubuhi Verna alirudi, amevaa koti lake la kanisani, akaweka fomu mezani. Ilikuwa ya Josie, wa darasa la tatu hapo hapo shuleni. Penye mapato ya nyumba alikuwa ameandika: hakuna.

Hoskins aliisoma, akagonga muhuri. Verna alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Tumetimia," alisema Hoskins. "Pesa za mwalimu wa kusoma zinakuja. Jumatatu natangaza nafasi."

"Utangaze ya nini, na mimi nimesimama hapa?"

Hoskins aliisukuma ile fomu pembeni, polepole.

"Nikikurudisha wewe, Verna, Josie si maskini tena."