Jani la Chini ya Kinamasi

Kokusima na mumewe, Rweyongeza, walikuwa wakichimba mfereji wa kukausha kinamasi ili wapande kabichi. Walipofika kina cha kifua, jembe la Kokusima lilibandua tope jeusi, na ndani yake mlikuwa na jani la kijani kibichi, kana kwamba limeanguka asubuhi ile.

“Lina miaka mingapi?” aliuliza Kokusima, akiliokota.

“Kwa kina hiki, hata babu wa babu zetu hawakuwa wamezaliwa,” alijibu Rweyongeza. “Huku chini hewa haifiki, hakuna kinachooza.”

Papo hapo jani likaanza kusawijika kiganjani mwa Kokusima, likawa jeusi tii. Akaweka jembe chini.

“Tuache, mume wangu.”

Rweyongeza alitazama ukuta wa mfereji, ambako majani mengine mabichi yalikuwa yakichungulia. Akainama, akachota tope kwa mikono miwili, akaanza kuyafunika.