Jeraha la Mkomamanga

Siku ya tatu ya eda, Bi Ruzuna alichuna gome la tawi moja la mkomamanga alioupanda marehemu mumewe uani. Alilizungushia udongo na makumbi ya nazi, akalifunga kwa kipande cha shuka. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mume, na eda ikiisha angeondoka. Miezi minne na siku kumi zingetosha tawi kutoa mizizi, alikate aende nalo.

Eda iliisha. Mizigo yake ilikwisha pakiwa mkokotenini, na wifi yake, Saumu, alisimama mlangoni na funguo.

"Wifi, fanya upesi. Jua hilo."

Bi Ruzuna alifungua kitambaa, akapukutisha udongo. Hapakuwa na hata uzi wa mzizi. Gome lilikuwa limeota upya na kuziba kote. Siku ile ya kulichuna aliuonea mti huruma, akauacha ule utando wa kijani ambao usipokwanguliwa jeraha hujifunga.

"Limepona," alisema.

"Si afadhali?"

Bi Ruzuna alitwaa kisu akalichuna tena, safari hii akikwangua bila huruma mpaka tawi likawa jeupe kama mfupa. Akarudisha udongo, akafunga, akalimwagia kata nzima ya maji.

"Utanimwagilia tawi, wifi?"

Saumu alizitazama funguo zake.

Mkokoteni ulipokata kona, kitambaa kilikuwa bado kinadondosha maji, tone moja moja, kwenye ua uliokwisha kufagiliwa.