Kilio cha Jikoni

Siku hizi kila wimbo unaruhusiwa kubaki na nakala moja tu, iliyosafishwa na mashine. Ile ya zamani huyeyushwa papo hapo. Bi Rukaya, mwimbaji wa Bendi ya Mikanjuni tangu ujana wake, aliijua sheria hiyo alipokuwa akichagua nyimbo adimu za kasha la kuadhimisha maisha yote ya bendi. Alidhani mashine hufuta mikwaruzo na kunyoosha gita lililopotoka, basi. Kwa hiyo akaitoa kanda ya mazoezi waliyorekodi jikoni kwake, ambamo bintiye Sikitu anasikika akilia. Sikitu alifariki kabla hajajua kusema. Sauti yake haikubaki kwingine.

“Na yeye asikike,” aliwaambia wenzake.

Jana fundi Erasto akamletea kasha nyumbani. “Imetakata, bibi. Kelele zote tumetoa. Sauti yako hatukuigusa hata kidogo.”

Bi Rukaya akauweka wimbo ule wa jikoni. Gita lilikuwa tamu kuliko siku ile. Katikati bendi ikasimama, na ndani ya ukimya ambamo hakuna aliyelia, akajisikia mwenyewe akibembeleza: “Nyamaza, mama. Nyamaza, nipo.”