Njia ya Bi Mgeni

Kumbukumbu za wazee wote wa mtaa zilikaa kwenye seva, na njia za kuzifikia zilikuwa arobaini tu. Mzee anaazima njia, anakumbuka anachotaka, anairudisha, mwenzake anaichukua. Aliyepanga zamu hizo ni Siwema, binti wa Bi Mgeni. Na katika zile arobaini, moja aliifunga kwa mama yake, isirudi kwa wengine kamwe.

Asubuhi hiyo Bi Tausi, jirani wa nyumba ya tatu, alisimama mlangoni kwao akitabasamu kwa haya.

"Samahanini jamani. Nilitoka kununua chumvi, sasa nyumba yangu siikumbuki. Niko kwenye foleni ya njia tangu alfajiri."

"Pole, shoga," alisema Bi Mgeni huku anakuna nazi. "Mbona mimi sisubiri hata siku moja? Labda kichwa chako kizito."

Wakacheka wote wawili. Siwema uso ukamwaka.

"Na huyu binti ni nani?" Bi Tausi aliuliza.

"Siwema wangu huyo. Ndiye anayetugawia njia."

"Basi Mungu akuweke, mwanangu. Kazi hiyo inataka mtu wa haki."

Siwema akatoa simu. Kuiachia ile njia ya mama yake kulitaka kugusa mara moja tu. Lakini mama alishaanza kusimulia Siwema alivyozaliwa, jina la mkunga, rangi ya khanga aliyofungiwa. Akairudisha simu mfukoni, akamshika Bi Tausi mkono, akampeleka kwake.

"Ahsante, binti," Bi Tausi alisema mlangoni. "Wewe mtoto wa nani vile?"

Siwema akataja jina la mama mwingine.