Sikio la Siwema

Mwajabu aliingia gerezani na mwanawe mgongoni, bila cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo umri wa Siwema ulipimwa kwa mkono. Siku ambayo angeupitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio la upande wa pili, angetolewa akalelewe nje.

"Shukuru," Nahimana, mfungwa mwenzake kutoka ng'ambo ya mpaka, alimwambia Mwajabu wakiwa kwenye foleni ya kupimisha watoto. "Kwetu mtoto hutolewa akitimiza miaka mitatu. Alikofungwa mdogo wangu, ni akiachishwa ziwa tu."

"Nishukuru nini? Kila nchi imejichagulia siku ya kuninyang'anya."

Mwajabu akainama, akamnong'oneza mwanawe kama kila mara: "Usiunyooshe mkono, mama. Uishie utosini."

Mwaka mzima mkono ulikuwa ukiishia utosini. Lakini afande wa leo alikuwa mgeni, mwanamke wa sauti ya upole. Alichuchumaa mbele ya Siwema na kumwonyesha begi jekundu la shule.

"Anayeshika sikio anapewa hili. Haya, tuone."

Siwema alilitazama begi, akamtazama mama yake. Kisha akanyoosha bega, mkono ukapita juu ya nywele, vidole vikalibana sikio.

"Nimeshika!"

Afande akaandika kwenye daftari lake, akamvalisha begi. Siwema akageuka, sikio bado hajaliachia.

"Mama, mbona hunipigii makofi?"