Kijiko cha Bi Tausi

"Kijiko cha nini hapo?" fundi Kombo alifoka.

Bi Tausi, mpiga chapa, alikuwa amekitega kati ya kifuniko cha kompyuta na vitufe. "Isijifunge. Tangu uisasishe wiki iliyopita, ikilala haiamki. Inazimika, na kazi isiyohifadhiwa yote inapotea."

"Mwongo! Unanichafulia jina mji mzima."

"Ngoja nihifadhi kwanza..."

Kombo alikinyakua kijiko, akakibamiza kifuniko. "Dakika moja tu, utaniomba radhi."

Taa ndogo ubavuni ikapepesa, ikapepesa, ikazimika.

"Haya, umeridhika?" alisema Bi Tausi. "Hiyo ni rufaa yako, kibanda chako kisibomolewe. Nimeichapa tangu alfajiri. Halmashauri mwisho wao kupokea ni saa sita."

Kombo hakufunua. Kiganja kimoja kilikandamiza kifuniko. Kwenye kingine, kijiko kilianza kupinda.