Malango Ishirini na Manne

Janine aliyahesabu mara ya tatu, akiyagusa moja moja kwenye ramani ya mfereji kwa ncha ya kisu cha siagi. Malango ishirini na manne, yote yamezungushiwa kalamu nyekundu, yote ya siku moja.

"Na hii ndiyo mnaiita safari ya kujipumzisha?"

"Ndiyo raha yenyewe, mwanangu," baba yake alisema, akichovya biskuti kwenye chai. "Mwendo wa kobe. Unakatiza Birmingham nzima na bata wanakupita."

Mzee Roland alikuwa na miaka sabini na mbili. Januari walimwekea kijibomba cha kutanua mshipa wa moyo, Aprili akaoa. Mkewe mpya, Glenys, alimpata kwenye klabu ya dansi, na keshokutwa, Jumamosi, wangeondoka na ile mashua ndefu ya mzee kwenda fungate. Janine alikuwa amepita tu kuwaachia keki. Keki bado ilikuwa mkobani.

Mashua yenyewe hajawahi kuipanda, maana maji humchafua tumbo. Lakini mtoto wa Birmingham hahitaji kupanda mashua ndipo ajue kwamba lango la maji, lile la kushushia mashua mferejini, ni kazi ya punda. Kila moja linataka mtu ashuke nchi kavu, azungushe kile chuma cha kufungulia maji mpaka mabega yawake moto, kisha ausukume mlango kwa mgongo, asubiri mashua ishuke na maji, afunge, halafu akimbilie lango linalofuata. Mara ishirini na nne. Kwa moyo ule.

Na njia nyingine ilikuwepo, inaonekana pale pale kwenye ramani. Ukifika katikati ya mji unakata kushoto badala ya kulia, basi, malango matatu tu mpaka Tipton. Nani angemchorea mgonjwa njia hii ya kulia?

Janine alimtazama Glenys.

Glenys alikuwa ametoka bustanini na kusimama juu ya zile ngazi tatu za mlango wa nyuma, mkono ukutani. "Natazama waridi," alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza. Alizitazama kwa kitambo kirefu. Kisha akaingia, akaketi, akasogeza kando glavu nene za ngozi zilizokuwa mezani, mpya, bado zina karatasi ya dukani.

Anaijali sana mikono yake huyu, Janine aliwaza. Atakaa kwenye kiti chake, avae glavu zake, amtazame mzee akifa.

Karibu na bakuli la sukari palikuwa na kichupa chekundu cha dawa, ile ya kupuliza chini ya ulimi moyo unapobana. Janine alikifahamu. Mama yake alikuwa nacho kama hicho, na hakikumsaidia; moyo ulimchukua akiwa likizoni na baba, miaka tisa iliyopita, na habari zikamfikia Janine kwa simu akiwa kazini Leeds. Hakuwa tayari kumzika baba pia kwa ugonjwa ule ule.

Mzee Roland alikwenda bandani kutafuta kitu. Alipotoka tu, Glenys akainama mezani.

"Janine, samahani. Mama yako alifariki vipi hasa? Roland hapendi kuliongelea."

"Moyo. Kwa nini, unatafuta mbinu?"

Glenys alipigwa na haya, akarudi nyuma kitini. Vizuri, Janine aliwaza. Ajue kwamba ameonekana.

Baba yake alirudi na kile chuma cha kufungulia maji, anakifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Hapo Janine akashindwa kuvumilia.

"Baba, kaa chini. Nataka uniapie."

"Nikuapie nini tena?"

"Kwamba hutagusa lango hata moja. Hushuki. Unashika usukani kutoka mwanzo mpaka mwisho, kikombe chako mkononi, na mambo mengine hayakuhusu."

"Naapa," Mzee Roland alisema, mkono juu.

Hakubisha hata kidogo. Janine alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa saa nzima, na sasa machozi ya shukrani yakamlenga. Alimshika baba yake bega, akalibana.

"Na malango nani atayafungua?" Glenys aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe. Si ndiwe uliyechora njia?"

"Mimi?" Glenys alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua. "Ramani hiyo nimeiona leo asubuhi. Mimi niliomba twende Tipton."

Alinyoosha mkono kwenye bakuli la sukari, akachukua kichupa chekundu, akapuliza mara mbili chini ya ulimi wake mwenyewe, akafumba macho.

Janine aliivuta ramani karibu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo mpaka mwanga unapita. Juu kwenye kona, kwa mwandiko wa baba yake, palikuwa na tarehe ya miaka tisa iliyopita, imekatwa kwa mstari, na chini yake imeandikwa ya Jumamosi hii. Kwenye lango la kumi na tisa palikuwa na msalaba mdogo.

Mzee Roland alikiweka kile chuma mbele ya mkewe, juu ya glavu. Mpini wake ulikuwa bado umezungushiwa kipande cha aproni ya maua ya mama yake Janine.

"Umesikia, mpenzi," alisema. "Mtoto amenikataza."